Monita Ikiamka

Mama Agnela aliziweka kadi mezani kama mtu anayerudisha maziwa yaliyokatika. Hakuketi.

"Mama Diana, sisi tuliomba damu ya mzee," alisema. "Hii uliyotupa ni damu ya kijana. Tena kijana aliyetoka kukimbia."

Namnyaki, mama yake Diana, alichukua kadi moja akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Zilikuwa kadi za michango ya sendofu ya Agnela, sherehe ya kumwaga binti kabla ya harusi, alizozichora na kuzichapa mwenyewe chumbani mle, mia mbili, kwa siku tatu. Mlangoni zilikuwa nyekundu. Nyekundu ya gari la zimamoto, nyekundu inayokuita kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mkwe wetu ni Yanga tangu tumboni mwa mama yake," Mama Agnela aliendelea. "Baba yake amepokea kadi, ameishika hivi, kwa vidole viwili. Akauliza, hii ni sendofu au ni mechi ya Simba?"

Namnyaki alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, naye akaacha.

"Na kitambaa nilikupa, aisee."

"Ulinipa."

Kilikuwepo bado, kimekunjwa pembeni mwa kompyuta: kipande cha kitambaa cha sare ya kamati. Ile nyekundu iliyokwisha kugombana na dunia ikatulia, ambayo watu huiita damu ya mzee. Aliitazama kwa siku tatu. Aliitazama, akatazama kioo cha monita, akabofya, akatazama tena, mpaka rangi mbili zikawa ndugu. Ndipo akachapa, bila kuzitoa kadi mwangani.

"Michango haikatai rangi," alisema Mama Agnela kwa sauti iliyolegea kidogo. "Lakini kadi za mwaliko, hapana. Kamati inataka tuzipeleke kwa mtu mwenye mashine kubwa kule mjini. Mimi nimesema, tumpe Mama Diana nafasi moja. Alhamisi ya wiki ijayo nitapita. Nionyeshe kadi moja tu. Ikiwa kama hizi, mama, sitaweza kukutetea."

Alipoondoka, Namnyaki alibaki amesimama mlangoni na ile kadi mkononi. Alijua vizuri alichoambiwa. Katika mitaa ya Sekei na Kijenge kamati moja huizaa nyingine: aliye mweka hazina kwa Agnela leo, kesho ni mwenyekiti wa harusi ya mpwa wake. Neno moja kuhusu mama anayechapa nyekundu isiyoombwa lingetembea kutoka sebule hadi sebule, na lingefika kabla yake kila aendako.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alizaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, kule mlima unakogeuza mgongo na mvua huja kwa kusitasita, katika boma la Koikai, mtu wa ng'ombe na mahindi. Alisoma, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa katika ofisi ya shirika moja la umma, akakaa hapo miaka tisa akipiga barua zinazoanza na "Yahusu". Kisha shirika likauzwa. Waliobaki na waliopunguzwa walisomewa majina katika ukumbi uleule waliokunywea soda za Krismasi. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, akaiweka chumba cha mbele, akaandika kwa mkono karatasi ya mlangoni: TUNACHAPA. Wanafunzi wa theolojia kutoka Makumira walimletea tasnifu zenye maneno ya Kigiriki ambayo aliyachora kama mtu anayedarizi. Lakini kilichomlisha hasa kilikuwa kadi. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango, vitu vilikuwa vinaingia, na watu walikuwa wanaoana kwa rangi.

Kwanza aliishuku printa, kisha wino. Siku ya pili akaamua kujishuku mwenyewe. Akanakili kadi kwenye flopi, akashuka mjini hadi kwenye kafe moja ya intaneti, akaomba kutumia mashine kwa dakika tano.

Kadi ilifunguka nyekundu. Nyekundu ileile ya zimamoto.

Alikaa akiitazama hadi kijana wa kafe akamuuliza kama mashine imekwama. Haikukwama. Ni yeye aliyekuwa anafuatilia jambo lililo mbali kidogo. Ikiwa kioo hiki kinasema ukweli, basi kioo cha nyumbani kimekuwa kikila nyekundu kidogo kidogo, labda kwa mwaka mzima, labda miwili. Naye, kila kilipopunguza, aliongeza. Hakuona kilipoanza. Nani huona? Unaishi na mtu, nywele zake zinageuka nyeupe moja moja mbele yako, na wewe ndiye wa mwisho kujua, mpaka aje mgeni aseme, lo, baba mwenye nyumba amezeeka.

Jioni alimweleza mumewe. Elirehema alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, Mmeru wa kupenda mpangilio, na tangu mwanzo hakuacha kulichezea neno "monita".

"Darasani kwangu," alisema, "kazi ya monita ni kuandika majina ya wapiga kelele. Huyu wa kwako ameacha kuandika majina ya wekundu wote. Afukuzwe."

"Baba Diana, sina mzaha."

"Wala mimi. Afukuzwe, tutafute mwingine. Ila," akakohoa, "kama tunanunua, tununue mkubwa. Inchi kumi na saba. Ofisi inahitaji nafasi."

Namnyaki alimtazama. "Ofisi, au magari?"

Kulikuwa na gemu ya mbio za magari ndani ya kompyuta ile, ilikuja nayo kutoka Ulaya kama kupe aliyekuja na ng'ombe. Kila jioni, pazia likishafungwa mwanafunzi asije kuona, mwalimu wa hesabu aliendesha gari la bluu katika milima isiyo na jina, akiegemea kushoto kona ikiwa ya kushoto. Lilikuwa ndilo gari pekee alilowahi kulimiliki.

"Na magari," alikiri.

Jumamosi walikwenda wote wawili Kijenge, kwenye duka la Ludovick, mtu wa Kibosho aliyekuwa akiuza kompyuta zilizotumika. Ilikuwa Juni, baridi kali, Meru haijaonekana kwa siku nne. Lakini ndani ya duka kulikuwa na joto la mashine, na monita tatu zilikuwa zinawaka kwenye kaunta.

Ya kwanza ilikuwa mpya na bapa kama kitabu kilichosimama. Bei yake Ludovick aliitaja kwa heshima, kama anayetaja marehemu, na Namnyaki hakuiuliza mara ya pili. Aliinama tu akaitazama kwa ubavu, akaona picha inafifia. Akasimama, ikabadilika tena.

"Hii inataka mtu asiyetikisika," alisema.

"Hiyo ni ya kutazama, mama. Ya kununua ni hizi." Ludovick aliipiga mgongo ile ya pili, inchi kumi na saba, kubwa kama jiko. "Hii ndiyo ya kazi." Ya tatu ilikuwa inchi kumi na tano, yenye mkwaruzo kwenye fremu. "Na hii ni ya kuanzia."

Mbili hizo zilikuwa na bei inayokaribiana, kiasi cha mshahara wa mwalimu wa mwezi mmoja na kipande. Ile ndogo ikipungua kidogo.

"Ina gemu?" Elirehema aliuliza, akitazama dari.

"Shikamoo, mwalimu!" Msichana alitokea nyuma ya pazia na ufagio mkononi. Alikuwa Tekla, msaidizi wa duka, aliyemaliza kidato cha nne mikononi mwa Elirehema miaka miwili nyuma. "Kumbe mwalimu nawe unacheza gemu?"

"Marahaba, Tekla. Sichezi. Napima mwendo."

Alipima mwendo kwa muda wa nusu saa. Kwenye kioo kile kikubwa barabara ilikuwa pana, theluji ilikuwa theluji kweli, na Tekla alisimama nyuma yake akimwonya, "Kona, mwalimu, kona!" Namnyaki alisubiri, kisha akamwondoa kitini, akaingiza flopi, akatoa kile kitambaa mkobani. Safari hii alikuwa ameandaa mraba mmoja tu, uliopimwa kule kafe, wa damu ya mzee. Akaweka kitambaa ubavuni mwa kioo.

Vililingana. Akajaribu kwenye ile ndogo. Vililingana pia.

"Basi," alisema Elirehema, na sauti yake ilikuwa tayari inabeba ile kubwa kwenda nayo nyumbani.

Namnyaki aliweka kiganja juu ya ile kubwa. Ilikuwa ya moto, kama mnyama aliyetembezwa. Na kiganja kikiwa pale, akamkumbuka baba yake.

Koikai hakuwahi kununua ng'ombe adhuhuri. Mnadani, alisema, ng'ombe wote ni wazuri adhuhuri: wamelambishwa magadi wakanywa maji, matumbo yamejaa, wametembezwa, viungo vimelainika. Aliyempenda alimwendea nyumbani kwa mwenyewe. Alilala hukohuko kwa watu, ili alfajiri awe zizini kabla mnyama hajasimama. Aliona anavyokusanya miguu, anavyoinua kwanza miguu ya nyuma, kama anasita. "Anaposimama ndipo anasema jina lake," alimwambia binti yake, ambaye alimfuata mara mbili na kusinzia mara zote mbili akiwa wima.

"Huwashwa saa ngapi, hizi?" Namnyaki aliuliza.

"Asubuhi. Tukifungua tu," alijibu Ludovick.

"Na sasa ni saa tisa. Basi naomba uizime. Ilale. Jumatatu nitakuja kabla hujafungua, niione ikiamka."

Ludovick alimtazama, akamtazama mumewe, akarudi kwake. "Mama, hii siyo ng'ombe."

"Kama siyo ng'ombe, haitaona aibu."

"Na akija mteja?"

"Muuzie. Kitu kikipata mwenyewe, hakuna ugomvi."

"Wamasai nyie," Ludovick alicheka, akizima swichi.

"Waarusha," alimsahihisha. "Sisi tunalima pia. Tunajua kusubiri."

Jumapili kanisani, wakati wa maombi ya kimya, Elirehema alifumba macho muda mrefu kuliko kawaida, na mkewe alijua kabisa kinachoombewa ni inchi kumi na saba.

Jumatatu walifika Tekla akiwa ndiyo kwanza anafungua makufuli, pumzi zikitoka kama moshi. Ludovick aliwakuta wamesimama ndani na makoti yao. Hakuwa mtu mbaya, na kilichomtoa kitandani mapema siku hiyo kilikuwa kilekile kilichomleta Namnyaki: alitaka kuona.

"Haya, mama. Mwamshe mwenyewe."

Namnyaki alibonyeza kitufe cha ile kubwa. Ililia ndani, tiii, ikanyamaza. Kisha picha ikaja polepole. Ilikuja ya kijani. Ule mraba wa damu ya mzee ulikuwa rangi ya tope la mto, na theluji ya kwenye gemu ilikuwa rangi ya majani machanga. Dakika tano zilipita ndipo wekundu ukaanza kurudi, kwa aibu, kama mtu aliyechelewa ibada akitafuta kiti cha nyuma. Kitambaa na kioo vilipokuja kulingana tena, nusu saa ilikuwa imekwisha.

"Mimi sijawahi kuiona hivi," alisema Ludovick taratibu. "Naapa."

"Huwa inaamka hivyo kila siku, bosi," alisema Tekla. "Mimi huziwasha kwanza ndipo nafagia. Ukifika wewe imeshapoa hasira."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani zote zina yao. Ile bapa nayo huwa ina yake. Na hukuniuliza."

Ludovick alikaa juu ya kasha. Akaeleza basi, kwa kusitasita, kile alichokijua kutoka kwa fundi wake: kwamba nyuma ya kioo kuna mishale mitatu ya rangi, nyekundu, kijani na bluu, na mmoja ukichoka unahitaji joto jingi ndipo uamke. Leo unahitaji nusu saa. Mwakani, saa nzima. Halafu siku moja hauamki.

Namnyaki alisikiliza na mwili wake wote. Ndivyo kioo chake cha nyumbani kilivyokuwa kimemwendea, basi: asubuhi moja baada ya nyingine, mnyama mmoja kati ya watatu akichelewa kusimama, naye yuko jikoni anachemsha chai.

"Sasa huyu mdogo," alisema.

Ile ndogo iliwaka giza kwanza. Kisha, kabla hajamaliza kukunjua kitambaa, picha ilikuwa imekaa, na mraba ulikuwa mugie. Neno lilimtoka bila kuliita. Nyumbani kwao ng'ombe mwekundu mkali alikuwa nanyokie, na yule mwekundu wa giza, wa rangi ya ini, alikuwa mugie. Na mtoto aliyemwita mmoja kwa jina la mwenzake alichekwa hadi usiku. Miezi mingapi amekuwa akiwauzia watu nanyokie kwa jina la mugie, bila kuchekwa na yeyote?

Hakununua bado. Aliyesimama vizuri, bado hutembezwa. Aliiacha iwake, akaitazama kwa pembe ya jicho, kama unavyomtazama mtu usiyetaka ajue unamtazama, maana huko ndiko mtikisiko wa kioo huonekana. Alipoona kama mapigo ya bawa la nondo, alimwita Ludovick.

"Hapa ilipo inajichora mara sitini kwa sekunde," alisema Ludovick. "Ngoja." Akabofya mahali, akaandika themanini na tano. Nondo akatulia. "Ile kubwa, ukiijaza maandishi mengi, haifiki huku. Hii, kwa kuwa ni ndogo, inafika."

"Kwa hiyo kichwa hakitaniuma."

"Wala gari halitatetemeka," alisema Elirehema ghafla. Akaketi, akashika funguo za mishale, akaendesha. Barabara ilikuwa nyembamba, milima ilikuwa vichuguu, lakini gari la bluu lilipita kwenye kona bila kuacha mkia wa kivuli nyuma yake. Hakuna aliyemwonya. Alimaliza wa pili kati ya sita.

"Hujawahi kuwa wa pili," alisema mkewe.

"Sijawahi kuziona kona," alijibu mwalimu.

Ludovick aliwapunguzia kidogo kwa sababu ya ule mkwaruzo, na kidogo tena, alisema, kwa ada ya shule aliyofundishwa asubuhi ile. Walipokuwa wanaifunga kwa kamba, walimsikia akimwambia Tekla kwamba kuanzia kesho watawasha pamoja.

Alhamisi Mama Agnela alikuja na mwenzake wa kamati, mwanamke mrefu asiyecheka, na hilo Namnyaki alilielewa: shahidi. Walisalimiana, wakakataa chai. Kadi ilikuwa moja, mezani, imefunikwa na karatasi nyeupe. Namnyaki aliona mikono yake mwenyewe inavuta karatasi ile na kuiona kama mikono ya mtu mwingine.

Mama Agnela hakuisoma. Alitoa kitambaa kizima cha sare kutoka mkobani, alichotoka kukichukua kwa fundi cherehani, akakitandaza mezani karibu na dirisha, akaweka kadi juu yake. Akarudi nyuma hatua moja. Yule mwenzake aliinama, akatafuta ncha ya kadi, akalazimika kupapasa kwa kidole ndipo akaipata.

"Iko hapa," alisema.

"Huyu sasa ndiye mzee mwenyewe," alisema Mama Agnela, akavuta kiti. "Chai iko wapi? Na utuchapie mia tatu. Na dada yangu huyu ana kipaimara cha mwanawe mwezi wa tisa, rangi yao ni samli, sijui kama unaiweza."

"Nileteeni kitambaa," alisema Namnyaki.

Walipokuwa wanaaga aliomba jambo moja. Alitaka akate ukanda mdogo wa ile sare, upana wa vidole viwili tu. Mama Agnela alishangaa, akampa. Namnyaki aliubandika kwa gundi kwenye fremu ya monita, juu ya mkwaruzo, na ule mraba wa damu ya mzee akaupanga ujifungue kiooni kila kompyuta iwashwapo.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, husimama mbele yake katika baridi, amejifunga khanga mabegani, akabonyeza kitufe na kungoja. Hungoja kwa udadisi kuliko hofu, kama anayemsikiliza mgonjwa wa zamani akieleza alivyolala. Giza kwanza. Kisha mwanga. Kisha zile rangi tatu zikisimama kwa miguu yao, na mraba ukisogea kuelekea ukanda, mpaka unaukuta.

Elirehema alimkuta hapo siku moja, akiwa na mswaki mdomoni. Akautazama ukanda, akaitazama skrini, akautoa mswaki.

"Kwa hiyo sasa," alisema, "monita naye ana monita."

"Nyamaza," alisema Namnyaki, asiondoe macho. "Bado inaamka."